Mrabaha, Faini na Zebaki: Fedha kama Chombo cha Kupunguza Uchafuzi katika Nchi ya Dhahabu, Geita na Shinyanga

Maneno ambayo kwayo Serikali hudai fedha kwa mwenye mali si mengi katika Kiswahili, na yaliyo makuu yalipata maana zake kabla moshi wa viwanda haujaonekana katika Afrika ya Mashariki. Ushuru umetokana na neno la Kiarabu la fungu la kumi, yaani sehemu moja katika kumi ya mavuno au ya bidhaa. Mrabaha una shina moja na neno la Kiarabu lenye maana ya faida. Maneno haya mawili humtazama mtu kwa kile alichopata. Yako mengine mawili yamtazamayo kwa madhara aliyoyafanya, nayo ni fidia na faini. Lakini fidia hulipwa baada ya jirani kuumia, na faini baada ya mkosaji kushikwa. Neno la malipo yatozwayo juu ya uchafu wenyewe, kwa kipimo chake, kabla mtu hajaumia wala kushikwa, bado halijapata makao katika lugha. Wataalamu wa siku hizi husema tozo ya uchafuzi, au hutaja kanuni ya mchafuzi kulipa, lakini hayo ni maneno ya vitabuni na ya mikutano. Mrabaha, kinyume chake, wajulikana na kila mchimbaji.

Upungufu huo si wa lugha peke yake. Historia ya dhahabu kusini mwa Ziwa Viktoria, kutoka Geita hata Kahama na Shinyanga, yaonyesha kwamba vyombo vya fedha vya Serikali, kwa muda unaokaribia karne moja, vilisukwa kama wavu wa kuinasa dhahabu. Uchafu ulipita katikati ya matundu yake.

Fikira ya kutumia fedha ili kupunguza uchafu si ngeni ulimwenguni. Mwalimu wa uchumi wa Cambridge, Arthur Cecil Pigou, aliieleza katika kitabu chake juu ya uchumi wa ustawi kilichotoka mwaka wa 1920. Mwenye kiwanda, alisema, hupata faida ya kazi yake yote, lakini sehemu ya gharama huwaachia wengine: moshi uchafuao nguo za jirani hauandikwi katika daftari lake. Kwa hiyo hutengeneza moshi mwingi kuliko ambavyo angetengeneza kama angeulipia. Dawa yake ni kumtoza kwa kadiri ya madhara, ili daftari lake na daftari la jamii yafanane. Ni hoja nyepesi kuisema. Ugumu wake ni kwamba yahitaji mambo mawili: kitu kinachoweza kupimwa, na mtu anayeweza kupatikana ili alipe. Mambo haya mawili ndiyo yaliyokuwa haba katika nchi ya dhahabu.

Wajerumani waliiona dhahabu ya Geita mwishoni mwa karne ya 19, lakini mgodi wao uliokuwa na maana ulikuwa ule wa Sekenke, katika nchi ya Singida ya leo. Dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyopigwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka wa 1916, wakati vita vilipokuwa vimewafungia njia ya bahari. Geita yenyewe iliwangoja Waingereza. Mgodi uliofunguliwa huko katika miaka ya 1930 ulikuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu katika Tanganyika, ukaendelea mpaka mwaka wa 1966. Huko Shinyanga, John Williamson alivumbua almasi ya Mwadui mwaka wa 1940. Katika zama hizo zote hesabu ya Serikali ilikuwa moja: thamani ya kilichotoka ardhini, na sehemu yake iliyo haki ya dola. Mchanga uliosagwa na maji yaliyotumika vilibaki nje ya hesabu.

Baada ya mgodi wa Geita kufungwa, dhahabu ilisahauliwa na Serikali kwa miaka mingi, lakini haikusahauliwa na watu. Katika miaka ya 1980 uchimbaji wa mikono ulikuwa umeenea, na karibu dhahabu yote ilivushwa mipaka kwa magendo. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu ilipofanya jambo lililokuwa jipya. Badala ya kuzidisha polisi, iliingia sokoni yenyewe, ikanunua dhahabu kwa bei iliyoshindana na ile ya walanguzi. Dhahabu iliyoandikwa rasmi, ambayo zamani ilikuwa karibu na sifuri, iliongezeka kwa kasi katika muda wa miaka miwili mitatu. Mpango huo haukudumu, lakini funzo lake lastahili kukumbukwa na kila aandikaye juu ya siasa ya uchumi ya nchi hii: wachimbaji wadogo, ambao mara nyingi husemwa kuwa watu wasioshikika, walishikika mara moja bei ilipobadilika mahali pale wanapouzia.

Pamoja na soko lile yalikuja mambo mengine ambayo hayakutafutwa. Wachimbaji waliongezeka, na zebaki ikaongezeka pamoja nao.

Yafaa kueleza kazi ya zebaki kwa urefu kidogo, maana bila kuielewa hesabu yake mtu hawezi kuelewa kwa nini makatazo yameshindwa. Jiwe lililotoka katika duara husagwa na karasha mpaka liwe unga. Unga huo hupitishwa na maji juu ya ubao uliotandikwa gunia au zulia, na chembe nzito hubaki katika nyuzi. Kisha huoshwa katika karai pamoja na zebaki, ambayo hukamatana na dhahabu kuwa donge moja la rangi ya fedha. Donge hilo hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa motoni, aghalabu hadharani, mara nyingine jikoni. Zebaki huenda na moshi, dhahabu hubaki. Kazi ni ya saa chache, haihitaji mtambo, na mchimbaji huiona dhahabu yake kwa macho kabla jua halijatua. Neno zebaki ni la Kiarabu, nalo Waarabu walilipata kwa Waajemi. Lilikuwa neno la waganga na wafua dhahabu tangu kale, na ubaya wake ulijulikana tangu kale vilevile. Mvuke wake huharibu neva na figo. Ile iangukayo majini hugeuzwa na viumbe vidogo vya matopeni kuwa sumu ya namna nyingine, kali zaidi, iingiayo katika samaki na kutoka kwa samaki hata kwa mtoto aliye tumboni. Ndilo jambo lililowapata watu wa Minamata katika Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka wa 1956.

Lakini zebaki ina kasoro nyingine, ya kiuchumi, isiyosemwa sana. Haikamati dhahabu yote. Kwa kawaida hupata kama asilimia 30 au 40 tu ya dhahabu iliyomo katika jiwe. Iliyobaki hukaa katika mchanga uliooshwa, ambao wachimbaji huuita marudio. Neno hili ni zuri, nalo lasema kweli kuliko neno la kitaalamu la mabaki, kwani mchanga huo haubaki, hurudiwa. Mwenye mtambo wa sianidi huununua, huuloweka katika mabwawa, na kutoa dhahabu ambayo zebaki iliiacha. Na desturi iliyoenea ni kwamba mwenye karasha husaga jiwe la mchimbaji kwa bei ndogo au bure, kwa sharti kwamba marudio yatakuwa yake. Msomaji ataona mara moja maana ya sharti hilo. Kadiri zebaki inavyofanya kazi vibaya, ndivyo marudio yanavyokuwa na utajiri. Anayevuta moshi ni mwingine, na anayefaidi udhaifu wa njia hiyo ni mwingine. Aidha, mkopeshaji ampaye mchimbaji chakula, dizeli na zebaki hulipwa kwa dhahabu, tena kwa bei aitakayo yeye. Hivyo zebaki si bidhaa tu. Ni kamba ya deni.

Wakati mambo haya yakiendelea vijijini, mawazo ya Serikali yalivutwa na migodi mikubwa. Mwezi wa Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Sheria ya Madini ya mwaka wa 1998 iliweka mrabaha wa asilimia 3 kwa dhahabu, mgodi mpya wa Geita ulianza kazi mwaka wa 2000, na Bulyanhulu mwaka wa 2001. Mwaka wa 2010 mrabaha ulipanda kuwa asilimia 4, na mwaka wa 2017 ukawa asilimia 6, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mwaka huo wa 2017 ndio uliolipatia taifa neno makinikia, baada ya kuzuiwa usafirishaji wa mchanga wenye madini kutoka Bulyanhulu na Buzwagi. Neno hilo lina shina moja na makini, na laonekana kuwa tafsiri ya neno la kigeni lenye maana mbili, ya kukaza fikira na ya kukusanya kitu kiwe kizito, ambapo mfasiri alishika ile ya kwanza. Hata hivyo limekubaliwa, na si rahisi kuling'oa. Kamati mbili za maprofesa, ya Abdulkarim Mruma na ya Nehemiah Osoro, zilihesabu kilichokuwamo katika makontena: dhahabu, shaba, fedha na madini mengine. Ubishi ulikwisha kwa mapatano ya mwaka wa 2020, na Serikali ikapata hisa za asilimia 16 katika migodi ile. Ulikuwa ubishi mkubwa na wa haki. Lakini ulikuwa tena juu ya kile kilichopatikana. Sumu inayobaki nyuma katika mabwawa ya migodi haikupata kamati yake.

Si kwamba sheria ilikosekana. Sera ya Mazingira ya mwaka wa 1997 ilitaja matumizi ya vyombo vya uchumi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka wa 2004 iliandika kanuni ya mchafuzi kulipa. Chombo kilichotumika hasa, hata hivyo, kilikuwa kile cha kale, yaani faini. Mfano wake mkubwa uko nje kidogo ya ukanda huu, mkoani Mara. Mwezi wa Mei 2009 maji yenye asidi kutoka mgodi wa North Mara yalifika katika Mto Tigithe. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi utokao katika bwawa lake la mabaki. Fedha hizo zaweza kuonekana nyingi. Lakini faini ijayo mara moja baada ya miaka mingi haibadilishi hesabu ya kila siku ya mhandisi anayeamua leo kama atajenga ukuta mzito au mwepesi. Ukuta wa bwawa la Mwadui, wilayani Kishapu, ulipobomoka tarehe 7 Novemba 2022, tope lilifunika mashamba na makazi ya wanavijiji, na yaliyofuata yalikuwa mazungumzo ya fidia. Dhamana, yaani fedha ziwekwazo mapema ili zirudishwe kazi ikiisha salama, ni chombo bora kuliko faini, na sheria yakitambua kwa migodi mikubwa. Kwa wadogo hakina mashiko, kwa kuwa mtu asiye na fedha za kununua pampu hana fedha za kuweka amana.

Kwa zebaki njia iliyofuatwa kwanza ilikuwa mafundisho. Kati ya mwaka wa 2002 na 2007 Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi 6 katika mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki, na kijiji cha Rwamagasa, Geita, kikachaguliwa kuwa mahali pa kazi. Wachimbaji walionyeshwa retoti, chombo kilichofunikwa kikusanyacho mvuke wa zebaki na kuurudisha kuwa maji. Chombo ni kizuri, na wengi walikisifu. Waliokishika ni wachache. Sababu si ujinga. Zebaki inayookolewa na retoti ina thamani ndogo sana ikilinganishwa na dhahabu iliyomo. Mtu hajisumbui kuokota senti wakati noti iko mezani, hasa ikiwa moshi unakwenda kwa jirani. Hoja ya Pigou yaonekana hapa bila kificho.

Tanzania ilitia sahihi Mkataba wa Minamata mwaka wa 2013 na kuuridhia mwaka wa 2020. Mpango wa taifa uliotungwa kwa ajili ya mkataba huo ulikadiria kwamba wachimbaji wadogo hutumia zebaki kati ya tani 13 na 24 hivi kwa mwaka. Tangu hapo baadhi ya watu wamependekeza kodi nzito juu ya zebaki yenyewe, ili bei yake ipande. Pendekezo hilo lavutia kwa wepesi wake, lakini historia yalikana. Zebaki ni nzito, chupa ndogo hubeba kilo nyingi, na mipaka ya kaskazini na magharibi ni mirefu. Njia zilizopitisha dhahabu kwenda nje katika miaka ya 1980 zaweza kupitisha zebaki kuja ndani. Tena, kodi hiyo ingemwangukia nani? Mkopeshaji angeiongeza katika deni, na kamba ingekazwa shingoni mwa mwosha karai, ambaye mara nyingi ni mwanamke.

Ni heri kutazama jinsi wengine walivyotatua shida ya kipimo. Mwaka wa 1992 Uswidi ilianza kutoza moshi wa oksaidi za nitrojeni, kwa kila kilo. Vipimo vilikuwa ghali, kwa hiyo walianza na matanuri makubwa tu. Na fedha zilizokusanywa zilirudishwa kwa wenye matanuri hayo hayo kwa kadiri ya nishati waliyoizalisha. Aliyetoa moshi mwingi kwa kazi ndogo alipoteza, na aliyetoa moshi mchache alipata. Moshi ulipungua, na viwanda havikukimbia. Katika Geita hakuna dohani ya namna hiyo. Yako makarai kwa maelfu, na hakuna Serikali iwezayo kusimamisha mkaguzi mbele ya kila karai.

Lakini dohani ipo, ila imejificha. Ni bwawa la sianidi. Mitambo ya kuloweka marudio ni michache kuliko makarai, imejengwa kwa saruji, haihami usiku, na huhitaji kibali. Marudio yote yenye zebaki hatimaye huelekea huko, nayo yaweza kupimwa yanapopokelewa. Tena huko ndiko madhara yanapozidi, kwa sababu sianidi huyeyusha zebaki pamoja na dhahabu na kuipa miguu ya kusafiri na maji. Mkataba wa Minamata wenyewe umeihesabu kazi hiyo miongoni mwa desturi mbaya zinazopaswa kukomeshwa. Tozo juu ya zebaki iliyomo katika marudio, ikilipwa na mwenye mtambo, ingemfanya anunue kwa bei ya juu marudio yasiyoguswa na zebaki na kwa bei ya chini yaliyoguswa. Naye mwenye karasha, ambaye leo hufaidi zebaki bila kuishika, angekuwa wa kwanza kuikataza uani kwake.

Upande wa pili wa chombo ni mahali dhahabu inapouzwa, na hapo historia ya karibu yatia moyo. Mwezi wa Januari 2019 Rais John Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo Dar es Salaam na kusikiliza malalamiko yao. Mwezi uliofuata Bunge liliwaondolea kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Tarehe 17 Machi 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifungua soko la dhahabu la Geita, na mengine yakafuata mikoani. Mambo ya 1990 yalijirudia: dhahabu iliyokuwa ikijificha ilitokea mezani. Na kuanzia Oktoba 2024, wauzaji walipotakiwa kuiuzia Benki Kuu angalau asilimia 20 ya dhahabu yao, walipewa nafuu ya mrabaha wa asilimia 4 badala ya 6, na ada ya ukaguzi ikasamehewa. Jambo hili halikukusudiwa kwa ajili ya mazingira hata kidogo. Hata hivyo limethibitisha kwamba mrabaha waweza kuwa na viwango viwili kwa dhahabu ile ile, kwa kufuata njia iliyopitia. Ikiwa njia ya kwenda Benki Kuu yastahili punguzo la sehemu 2 katika 100, ni vigumu kuona kwa nini njia isiyopitia zebaki isistahili.

Yuko atakayeuliza dhahabu isiyo na zebaki itajulikanaje, na swali ni la haki, kwa kuwa dhahabu ikiyeyushwa haisemi ilikotoka. Hati ya mahali iliposafishiwa ndiyo itakayosema, na mahali penyewe papo tayari. Shirika la Madini la Taifa limejenga vituo vya mfano Lwamgasa na Katente katika Mkoa wa Geita, na Itumbi huko Chunya, ambako jiwe la mchimbaji husafishwa kwa mtambo bila zebaki na dhahabu hupatikana kwa wingi zaidi. Shida yao ni bei na muda: mchimbaji atoaye viroba vichache hulazimika kulipia kazi na kungoja siku kadhaa, ilhali karasha la jirani husaga kwa ahadi ya marudio tu na humrudishia chembe zake kabla ya jioni. Tofauti hiyo baina ya kituo na karasha yaweza kuhesabiwa kwa shilingi, kiroba kwa kiroba, na hesabu hiyo ndiyo itakayoonyesha tozo iwe kiasi gani juu ya marudio yenye zebaki, na punguzo la mrabaha liwe kiasi gani kwa yule aliyengoja.